Enyonam Adzo Dotse, Aliyeandika Kwamba Mpira Haukuingia

Wazee wa ukoo, Mchungaji, wafanyakazi wa hospitali, majirani wa Ho na wa Kpando, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kukaa nasi, mimi ni Yao Dotse, mdogo wake marehemu, niliyefanya kazi posta miaka ishirini na minane, na kwa sababu hiyo familia imeona kwamba mtu aliyezoea tarehe ndiye asome. Nitasoma taratibu, na mkiniona natabasamu mahali pasipostahili msidhani nimekosa adabu, maana nyumba yetu imelia vya kutosha, na leo, kuliko kitu kingine chochote, tumepumua.

Dada yetu Enyonam Adzo Dotse alizaliwa Kpando Fesi siku ya Jumatatu, tarehe 15 Februari 1960, na kwa kuwa ilikuwa Jumatatu akaitwa Adzo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu mzee Gershon Dotse, fundi wa baiskeli, na marehemu mama yetu Afi, mfinyanzi wa vyungu, ambaye wengi wenu mmepikia vyungu vyake bila kujua ni vya nani.

Alianza shule ya msingi Kpando Januari 1966, akamaliza sekondari hapohapo Kpando mwezi Juni 1978, na katika miaka yote hiyo, kila siku ya soko, alibeba vyungu kichwani pamoja na mama mpaka bandari ndogo ya Torkor kabla ya kwenda darasani, akichelewa, akichapwa, na kesho yake akirudia. Mwaka 1976 mama alianza kuangusha vyungu. Tulidhani ni uzembe, baba akamgombeza, mama mwenyewe akajigombeza, mpaka siku aliposhindwa kushika kijiko ndipo tukajua kwamba mizigo ya miaka thelathini ilikuwa imezibana pingili za shingo yake, nazo pingili zikawa zinaubana uti wa mgongo unaopita ndani yake.

Mwezi Agosti 1978 tulimpeleka mama katika hospitali kubwa ya pwani, akapangiwa upasuaji, akavuliwa shanga, akalazwa juu ya meza, na baada ya saa moja akarudishwa wodini bila kupasuliwa, midomo ikivuja damu. Enyonam alikuwa na miaka kumi na minane, amekaa kwenye benchi la nje, na daktari aliyetoka, mtu mpole ambaye hatukuwahi kumlaumu, alimweleza kwamba ili mtu apasuliwe shingo ni lazima alazwe kwa dawa, na akilala usingizi ule ni lazima apitishiwe mpira wa kupumulia kooni, na ili waione njia ya pumzi walizoea kukikunja kichwa cha mgonjwa nyuma, jambo ambalo kwa shingo ya mama lingeweza kumlemaza mwili mzima, hivyo walijaribu mara tatu bila kuikunja, hawakuona kitu, wakaacha. Dada alimuuliza kazi ya kuitafuta njia hiyo ni ya nani, daktari akamjibu ni ya watu wa usingizi. Mama alirudi Kpando, tukamlisha kwa zamu, akafariki tarehe 2 Mei 1981.

Wakati huo dada alikuwa tayari katika chuo cha uuguzi Ho, alikoingia Septemba 1979 na kuhitimu mwaka 1982, akapangiwa kazi Jasikan, akaivuka huko njaa ya mwaka 1983 kwa mihogo ya kuchemsha na ukaidi wake, na mwaka 1987 akachaguliwa kwenda Accra kusomea kazi ya usingizi, akamaliza Desemba 1988. Tarehe 1 Februari 1989 aliripoti katika hospitali yetu hapa Ho, katika chumba cha upasuaji, na hakuondoka hapo mpaka alipostaafu, miaka thelathini na mmoja baadaye.

Siku ya Jumamosi, tarehe 21 Desemba 1985, alifunga ndoa na marehemu shemeji yetu Kwami Agbenyo, mwalimu wa hesabu kutoka Hohoe, mtu wa maneno machache na utani mwingi, ambaye baadaye alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye na mkewe wanafanya kazi moja, isipokuwa mkewe anatumia dawa kuwalaza watu na yeye anatumia aljebra. Walijaliwa watoto wawili, Selasi, aliyezaliwa Januari 1987, ambaye ni fundi umeme Tema, na Yayra, aliyezaliwa Machi 1990, mwalimu wa Kifaransa Aflao, nao wamewapa wajukuu wanne. Shemeji alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 4 Julai 2009, na dada hakuolewa tena, ingawa walikuwepo waliouliza, na mmoja wao yupo hapa leo, tunamshukuru kwa kuja.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu Yayra na Selasi wameniagiza nisiipite sehemu hii mbio, na Daktari Elikem Sosu, ambaye amekaa pale na familia, amekubali isomwe kama ilivyo, hata pale inapomgusa yeye.

Mwaka 2012 hospitali ilipata vifaa vipya vya kutilia mpira wa kupumulia. Kile chuma kinachoingizwa mdomoni kuinua ulimi, ambacho wenyewe wanakiita bledi, sasa kilikuwa na kamera ndogo karibu na ncha, picha ikatokea kwenye kioo pembeni, na njia ya pumzi ikaonekana hata kwa mtu aliyefungwa kola ya shingo asiyeruhusiwa kujikunja hata kidogo. Siku aliyokitumia mara ya kwanza dada alinipigia simu kazini, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaniambia, "Yao, njia inaonekana," kisha akakata, nami nikabaki nimeshika simu mbele ya foleni ya wateja, nikiwaomba radhi kwa macho yangu.

Bledi hizo zilikuwa za maumbo mawili, moja imepinda kidogo kama zile za zamani, nyingine imepinda sana karibu kama ndoano, na wafanyakazi wakagawanyika kama watu wa timu mbili za kandanda, hawa wakiapa kwa hii, wale kwa ile. Daktari Elikem, bingwa wa usingizi, ambaye dada alimfundisha kutia mpira tangu alipokuwa daktari mwanafunzi na kwa hiyo akawa anamwita Mama Enyo mpaka mwisho, alisema badala ya kubishana wapime. Utafiti ulianza Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, kwa wagonjwa sitini wa upasuaji wa shingo, wengi wao watu kama mama yetu, wabeba magunia, wauza kuni, akina mama wa viazi vikuu, kila mmoja akifunguliwa bahasha iliyosema bledi ipi itumike kwake, na kila mmoja akiandikiwa ilichukua sekunde ngapi, walijaribu mara ngapi, na mkanda wa eksirei ukirekodi shingo ilisogea kiasi gani. Mikanda hiyo ilitumwa Kumasi kwa mtaalamu mmoja asiyejua majina wala bledi, ambaye angerudisha vipimo vyote kwa pamoja mwishoni. Watu watatu waliaminiwa kutia mpira, na dada alikuwa mmoja wao.

Mgonjwa wa thelathini na saba alikuwa Mama Aku Fiadzi, mbebaji wa viazi vikuu sokoni Ho, wakati huo akiwa na miaka hamsini na miwili, naye ameketi safu ya tatu na ameniambia nimtaje kwa jina, tena nilitaje kwa sauti. Aliingia chumba cha upasuaji Alhamisi, tarehe 11 Juni 2015. Bahasha yake ilisema bledi iliyopinda sana. Dada aliiingiza, kioo kikaonyesha njia ya pumzi wazi kabisa, lakini mpira ukawa unagonga ukuta wa mbele na kugoma kushuka, akauchomoa, akampa mgonjwa hewa kwa barakoa, akachukua ile bledi nyingine, na safari hii mpira ukaingia. Upasuaji ulichukua saa nne. Asubuhi ya Ijumaa Mama Aku hakuweza kuuinua mkono wa kushoto.

Mpasuaji mmoja, ambaye simtaji na ambaye baadaye aliomba radhi, alisema koridoni mbele ya watu kwamba shingo ile iliingiliwa mara mbili, na kila aliyesikia akaelewa anamsema nani. Mchana huo Daktari Elikem alimfuata dada stoo ya vifaa, akafunga mlango, na haya aliyosema nimeyapata kutoka kwao wote wawili, kwa nyakati tofauti, na hayakupishana.

"Mama Enyo, tuandike mara moja tu," alimwambia. "Ile ya kwanza tuseme ulikuwa unaangalia njia."

"Nilikuwa natia mpira, Elikem. Haukuingia. Andika haukuingia."

"Watakulaumu wewe."

"Basi wanilaumu kwa kilichotokea, wasinisifu kwa ambacho hakikutokea."

Akachukua kalamu akaandika mwenyewe. Daktari ananiambia kwamba hakufanya vile kwa ubaya, alitaka kumkinga mtu aliyemfundisha kazi, na ninamwamini, na dada naye alimwamini, ila alimnunia kwa siku tisa.

Ndugu zangu, kuandika kulikuwa rahisi kuliko kuishi na kilichoandikwa. Tangu siku ile dada hakushika tena mpira wala bledi mbele ya mgonjwa. Aliomba apangiwe stoo na kufundisha wanafunzi kwa sanamu, akawa anahesabu glavu na dripu, akapungua mpaka nguo zikawa zinamning'inia, na kila nilipomuuliza alinijibu kwamba anafunga. Hakuwa anafunga. Siku moja tu, tukiwa tunapalilia kaburi la mama, alinieleza, akasema alitumia maisha yake yote kutafuta namna ya kuwapitishia watu kama mama mpira bila kuwaumiza shingo, na huenda sasa amemfanyia mama wa watu kile ambacho yule daktari wa pwani aliogopa kumfanyia mama yetu. Nilimwambia palizi imetosha, twende nyumbani.

Kila Jumamosi alikwenda kwa Mama Aku, akiwa na ugali wa akple na mchuzi wa bamia ndani ya bakuli, akamnyoosha mkono vile alivyoonyeshwa na watu wa mazoezi ya viungo, akamwosha nywele, akakaa. Hakuitwa na mtu na mara ya kwanza hakukaribishwa. Kaka yake Mama Aku alimsimamisha mlangoni na kumuuliza, "Umekuja kukagua kazi yako?" Dada alibaki amesimama na bakuli lake, na sauti ikatoka ndani, ya Mama Aku mwenyewe: "Mpishe apite, kaka. Yeye anatoka mbali kuja kuninyoosha mkono, wewe unakaa nyumba ya pili na hujawahi kuninyanyulia hata kikombe." Kaka alimpisha, na kuanzia wiki ya nne akawa ndiye anayemwekea dada kiti.

Mwezi Oktoba mkono ule ulianza kujongea, kwanza bega, halafu kiwiko. Krismasi ya mwaka 2015 Mama Aku alijifunga kitambaa cha kichwa mwenyewe, kikakaa upande, akakataza mtu yeyote asikinyooshe, akaenda nacho kanisani hivyohivyo. Dada alifurahi kwa ajili yake, lakini kwa ajili yake mwenyewe hakujiachilia, kwani mkono kupona hakukumwambia nani aliyeuumiza.

Ijumaa, tarehe 19 Februari 2016, siku nne baada ya kutimiza miaka hamsini na sita, alikuwa likizo kwangu Kpando, anasonga akple uani, mimi nikiwa chini ya paa natengeneza redio, tukaona gari la Daktari Elikem linaingia. Alishuka na karatasi mkononi, amesahau hata kufunga mlango wa gari, na kwa kuwa alikuwa akihema dada alidhani kuna msiba. Daktari alisema vipimo vimerudi kutoka Kumasi. Shingo ya mgonjwa wa thelathini na saba ilikuwa imesogea chini ya digrii tatu, mara ya kwanza na mara ya pili pia, na katika wagonjwa wote sitini walikuwepo wawili tu waliosogea kidogo kuliko yeye. Udhaifu wa mkono, aliongeza, ulitokana na neva moja ambayo mara nyingine huvutika pingili zinapofunguliwa ili uti upate nafasi, jambo linalotokea hata kwa mpasuaji mzuri, bila kosa la mtu, na mara nyingi hupona lenyewe.

Dada alimwomba asome tena. Akasoma tena. Akamuuliza kuhusu wale wengine hamsini na tisa, kama wapo salama, akaambiwa hakuna shingo hata moja iliyodhuriwa wakati wa kutia mpira. Mwiko ulisimama mkononi mwake, ugali ule ukaanza kuungua, kisha akasema, "Mwanangu, umekula?" Akatupakulia sisi wawili, akajipakulia na yeye, akala matonge ambayo sikuwahi kumwona akila kwa miezi minane, akaongeza, na machozi yalikuwa yanamtoka tangu tonge la kwanza bila yeye kuyajali. Daktari naye alilia, na mimi niliirudia redio yangu, lakini sikumbuki nilitengeneza nini.

Yapo mengine ambayo hatukuyajua mpaka baadaye. Vijana wanne waliokuwa wakijaza fomu za utafiti ule, walipoona Mama Enyo ameandika kushindwa kwake kwa mkono wake, walirudi kwa Daktari mmoja mmoja, na kukiri kwamba zipo fomu walizoandika mara moja ilhali ilikuwa mara mbili, zikasahihishwa kwa kulinganishwa na mikanda. Hesabu ilipopigwa upya ikaonekana kwamba ile bledi iliyopinda sana iliisogeza shingo kwa kiasi pungufu kuliko nyingine na kuonyesha njia vizuri zaidi, lakini mpira ulichelewa kupita na mara nyingi uligoma, wakati ile nyingine ilipitisha mpira kwa wepesi lakini kwa shingo ngumu iliwaficha njia. Hospitali yetu ikaamua bledi zote mbili zikae kwenye trei moja kwa kila mgonjwa wa shingo, na waya wa ndani ya mpira ukunjwe kufuata umbo la bledi kabla mgonjwa hajalala, siyo baada ya kukwama. Dada alirudi kazini Jumatatu iliyofuata, akatia mpira kwa mzee mmoja aliyeanguka kwenye mchikichi, na jioni akanipigia simu kuniambia kwamba mikono yake bado inajua.

Alistaafu tarehe 15 Februari 2020. Alilima bamia, aliimba sauti ya pili kanisani bila kuwasikiliza wa sauti ya kwanza, alikwenda Aflao kwa wajukuu na kurudi analalamika kwamba wanaongea Kifaransa ili asijue wanachoomba.

Mwezi Agosti 2022 alianza kukohoa na kuchoka, akapimwa, ikaonekana mapafu yake yanakuwa magumu, ugonjwa ambao dawa huuchelewesha tu. Kuanzia mwaka jana alihitaji oksijeni nyumbani, na mwezi Juni mwaka huu aliandika karatasi kwamba pumzi ikimshinda asipelekwe kwenye mashine wala asitiwe mpira. Hapa naomba niungame mbele yenu kwamba nilikataa. Nilimgombeza Yayra kwa kuisaini karatasi ile kama shahidi, nikamwambia anamuua mama yake, na nikamuuliza dada iweje yeye aliyewatia mpira watu maelfu aukatae wake.

"Wale walikuwa wanarudi, Yao," aliniambia, akipumzika kati ya neno na neno. "Mpira ni wa mtu anayerudi."

Sikumwelewa, au sikutaka, nikaondoka, nikanuna wiki tatu kule Kpando, wiki ambazo ningezilipia chochote kuzipata tena. Daktari Elikem ndiye aliyekuja kunichukua, akaniambia njiani kwamba dawa ya kutuliza pumzi ipo, kwamba dada hatakuwa kama mtu anayezama majini, kama tunavyoogopa, na kwamba yeye mwenyewe atakuwepo.

Naye alikuwepo. Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Ho, dirisha likiwa wazi, Yayra akiwa amemshika mkono mmoja na mimi mwingine, dada yetu alivuta pumzi, akaiachia, akakaa kidogo, akavuta nyingine ndogo, akaiachia, na haikufuata nyingine. Hakuhangaika. Uso wake haukukunjamana. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo baya sana, ndugu zangu, na halikuja. Nilikwenda kwa Yayra nikamwomba radhi kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, naye akanisamehe kabla sijamaliza sentensi. Dada alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano, miezi sita na siku ishirini na tano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua waliomtunza miaka mitatu bila kumficha chochote, Daktari Elikem Sosu kwa kutimiza neno lake, wafanyakazi wote wa chumba cha upasuaji, walio kazini na waliostaafu, majirani waliokuwa wakikimbia na mitungi ya oksijeni kila umeme ulipokatika, kwaya ambayo leo imeimba sauti ya pili kama yeye, yaani vyovyote, Mchungaji na kanisa, Mama Aku na kaka yake, na ninyi mliosafiri kutoka mbali. Ambaye sikumtaja anisamehe, hata posta barua moja mbili hupotea.

Dada Enyo, ulitaka uende ukipumua mwenyewe, na umekwenda hivyo. Wanao wapo salama, na mimi sina kinyongo tena na mtu. Pumzika sasa, dada yangu, kwa amani uliyotuachia.